USITIE DAWA KABLA YA KUJUA UGONJWA



Juma hili nataka tuongee habari za kiumbe ambacho wengi wetu tukaao bara hatujakiona kikiwa hai, ingawa labda tumeiona mifupa yake. Ukifika Bagamoyo, Kilwa au Unguja utaona majumba ya kale yaliyojengwa kwa mawe yenye matundu matundu. Mawe hayo ni matumbawe, nayo zamani yalikuwa hai baharini. Tumbawe si mti, wala si jiwe tu. Ni wanyama wadogo wengi wanaoishi pamoja, na kila mmoja hujijengea nyumba kwa chokaa anayoivuta katika maji. Ndani ya miili yao mna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, nao huwatengenezea chakula kwa nguvu ya jua.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga matumbawe nyumbani, ndani ya sanduku la kioo lenye maji ya chumvi. Hawayali. Wengi hupenda kuyatazama. Mwaka 1961 Bwana Lee Chin Eng wa Indonesia aliandika katika gazeti moja la Marekani jinsi alivyofuga viumbe vya bahari kwa kutumia mawe yaliyotoka baharini na mapovu ya hewa. Tangu hapo wengi wamejaribu, na wengi wameona huzuni: matumbawe huwa mazuri miezi michache, kisha huanza kufifia. Kwa nini?

Tuchukue mfano. Mtu ana sanduku la lita 200. Maji ya bahari yana chumvi kadiri ya gramu 35 katika kila lita; basi sandukuni mna chumvi kilo 7. Tuseme kila siku lita 2 za maji hukauka na kwenda hewani. Mwenye sanduku, kwa wema wake, huongeza lita 2 za maji ya chumvi, akidhani amerudisha kilichopotea. Lakini mama yeyote aliyepata kuchemsha maji ya chumvi ajua kwamba maji huenda na chumvi hubaki chunguni. Kumbe bwana yule ameongeza gramu 70 kila siku. Baada ya siku 30 ni gramu 2,100, na sasa kila lita ina gramu zaidi ya 45. Haba na haba hujaza kibaba, hata kama ni kibaba cha sumu. Ilimpasa aongeze maji matamu, tena yaliyosafishwa.

Matumbawe hayana kinywa cha kulalamika. Hujikunja tu na kupoteza rangi. Mwenyewe anashtuka. Leo asema, "Hii ni njaa," anatia chakula kingi. Chakula kinaoza na maji yanachafuka. Kesho asema, "Hapana, ni ugonjwa," anatia dawa ya samaki yenye shaba. Na shaba huwaua wanyama hawa. Kesho kutwa asema, "Ni giza," anaongeza taa, joto linapanda. Alikuwa na shida moja, sasa anazo nne, naye hawezi tena kujua ni ipi iliyotangulia. Yale yaliyosalia yanakufa kwa mapenzi yake, si kwa uadui.

Wafugaji wenye busara hufanya namna nyingine. Kwanza huuliza: "Ni kitu gani kilichobadilika?" Ndiyo sababu huweka daftari, wakaandika kila siku walichoongeza na walichopima. Mimi karani wa parokia naelewa jambo hili vizuri. Bila daftari kila mtu hukumbuka apendavyo.

Pili, hupima. Joto, yafaa liwe kati ya nyuzi 24 na 27, tena lisipande na kushuka ovyo. Chumvi, gramu 35. Kisha chokaa, maana matumbawe yanapokua huitumia, na sanduku si bahari, isiporudishwa itapungua. Kisha uchafu wa vyakula na kinyesi cha samaki. Mwisho hutazama jirani, kwa kuwa yako matumbawe yanayowachoma wenzao usiku.

Tatu, hubadili kitu kimoja tu, polepole, kisha husubiri. Hata yule mwenye chumvi nyingi asiitoe yote kwa siku moja, kwa maana badiliko la ghafula laweza kuua kama kosa lenyewe.

Ndugu zangu, sisi hatuna masanduku ya kioo, lakini tunayo bahari. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto jingi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yaligeuka meupe, kwa kuwa ule mwani uliwatoka, na mengi yakafa. Joto la namna hiyo lilirudi mwaka 2016 na tena mwaka 2024. Mwenye sanduku aweza kuzima taa. Bahari haina taa ya kuzima. Na penye matumbawe ndipo samaki wengi hupata maficho na malisho, hata mvuvi akapata chakula cha wanawe.

Lakini liko somo lililo karibu zaidi. Mtoto aliyekuwa mchangamfu anyamaza, hali vizuri, hapendi shule. Baba asema ni uvivu, achukua fimbo. Shangazi asema ni minyoo, aleta dawa. Jirani asema amerogwa. Hakuna hata mmoja aliyeketi naye akamwuliza, "Mwanangu, ni kitu gani kilichobadilika?" Pengine haoni vizuri ubaoni. Pengine kuna mtu anayemtisha njiani. Au mguu unamwuma.

Basi, wazazi, jioni ya leo kabla ya sala mtazameni kila mtoto. Kama yuko aliyefifia, muulizeni kwanza, nanyi msikilize mpaka amalize. Ikiwa ni ugonjwa, mpelekeni zahanati apimwe. Dawa haikimbii, itangojea mpaka ugonjwa ujulikane.

Nawatakieni Jumapili njema.