Figo la Wachina si Figo la Biolojia

Neno gumu halimdhuru sana mfasiri, kwa kuwa huutambua ugumu wake mapema na kutafuta msaada. Linalomwangusha ni lile jepesi ambalo kila mtoto wa shule ya msingi analifahamu. Nina mfano mmoja ambao, nionavyo mimi, umevuka mipaka ya darasa la isimu na kuingia katika afya za watu. Ni neno figo, kama litumikavyo katika maelezo ya dawa za jadi za Kichina zinazosemekana kuzuia nywele kunyonyoka au kuota mvi.

Maelezo hayo aghalabu humweleza msomaji kwamba nywele zake zinapukutika kwa sababu figo lake ni dhaifu. Msomaji aliyefunzwa biolojia katika shule zetu ana haki ya kutaharuki. Kwake yeye, figo ni kiungo kinachochuja damu na kutengeneza mkojo, na kiungo hicho kikishindwa na kazi, mgonjwa hufungwa kwenye mashine ya kusafishia damu. Basi ama ataogopa na kukimbilia kununua dawa, ama atacheka na kudai kwamba Wachina hawajui kitu. Uoga huo na kicheko hicho vyote ni watoto wa tafsiri mbovu.

Neno la Kichina lenyewe ni shen. Katika Huangdi Neijing, kitabu cha tiba kilichokusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita, shen ni hazina ya nguvu ambazo binadamu huzaliwa nazo, nguvu zinazotawala ukuaji, uzazi na uzee. Nywele ni fahari ya hazina hiyo, mithili ya ua juu ya mti. Kitabu hicho huuhesabu umri wa mwanamke kwa saba saba: afikapo miaka 7 hubadilisha meno na nywele zake hurefuka, afikapo 28 nywele hufikia upeo wake, akiwa na 35 huanza kupukutika, na 42 mvi huingia. Mwanamume huhesabiwa kwa nane nane, na nywele zake huanza kumtoka akiwa na miaka 40. (Mimi mpaka huo nimekwisha kuuvuka, na kioo changu hakina ubishi na Wachina.) Madaktari wa jadi huongeza kwamba nywele ni ziada ya damu, yaani damu ikiutosheleza mwili, kinachosalia ndicho kinachozilisha nywele.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tusione ajabu. Mtu akisema kwamba maneno ya fulani yamemkata maini, hakuna ampelekaye kwa daktari wa upasuaji. Anayepiga moyo konde hapigi kiungo chochote. Viungo vya mwili katika lugha hubeba mizigo ambayo kisu cha mpasuaji hakiwezi kuifikia. Kichina kilipata balaa la ziada pale ambapo daktari Mwingereza, Benjamin Hobson, alipochapisha mjini Guangzhou mwaka 1851 kitabu cha kueleza mwili kwa mujibu wa sayansi ya Ulaya. Majina ya kale ya viungo yalitwikwa maana mpya, na tangu hapo neno moja, shen, hutumika na mganga wa jadi na daktari wa hospitali kwa maana mbili zisizolingana.

Kosa hili lingekuwa la kitaaluma tu lau si biashara. Dawa mashuhuri kuliko zote kwa nywele ni mzizi uitwao he shou wu. He ni jina la ukoo, shou ni kichwa, na wu ni weusi, neno ambalo pia humtaja kunguru. Hadithi iliyoandikwa na Li Ao katika enzi ya Tang yasema kwamba mtu wa ukoo huo aliutumia mzizi huo akaishi miaka 130 huku nywele zake zikiwa nyeusi. Mzizi wenyewe huchemshwa kwa mvuke pamoja na maji ya maharagwe meusi hadi nao ugeuke mweusi. Hivyo jina lenyewe ni tangazo la biashara, na rangi ni shahidi wake.

Lakini mzizi huo huo umehusishwa na madhara ya ini, ini halisi, lile la kitabu cha biolojia. Idara ya kudhibiti dawa nchini Uingereza ilitoa tahadhari mwaka 2006, na Uchina yenyewe ikaweka masharti mwaka 2014 kuhusu kiasi cha mzizi huo kinachoruhusiwa katika vyakula vya afya.

Sisemi kwamba wahenga wa Kichina hawakuona lolote. Upungufu wa madini ya chuma katika damu umehusishwa na kupukutika kwa nywele, na mama aliyejifungua huweza kuziona zikimtoka kwa wingi miezi michache baadaye, kisha zikarejea. Walikuwa wachunguzi makini. Hata hivyo, msichana ambaye nywele za kwenye kipaji zimeng'oka kwa kusukwa kwa kubana mno anahitaji msusi mwenye huruma. Mtoto mwenye mapunye anahitaji dawa ya kuua kuvu. Wote wawili wakiambiwa kwamba figo ni dhaifu, watapoteza fedha na, jambo baya zaidi, muda.

Kwa hiyo nawaomba wafasiri waliache neno shen lilivyo, kama tulivyoliacha karate, kisha walieleze kwa sentensi moja au mbili. Walimu nao wawape wanafunzi karatasi za dawa hizi kama zoezi la ufasiri. Na anayeuza mzizi huo aandike kwa Kiswahili kinachosomeka jina lake, kama ni mbichi au umepikwa, na kwamba mtumiaji akiona macho yake yamegeuka manjano au mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, aache mara moja na kwenda hospitali.