Gunia la shangazi halifiki tani moja

Makamanda, najua wengi wenu mkisikia mnada mnawaza nyama choma. Siwalaumu, na mimi nilikula. Ila likizo hii nilienda mnadani kumsaidia shangazi kuuza vitunguu saumu.

Kwetu ni Mogitu, Hanang. Huku minada inazunguka kwa tarehe, leo hapa, keshokutwa kule, na wafanyabiashara wanaifuata na mizigo yao. Ukishuka kwenye Fuso alfajiri, Mlima Hanang bado uko ndani ya ukungu, unakuta Wabarbaig wameshafika na ng'ombe, machinga wanamwaga mitumba juu ya turubai, fundi wa katambuga anakata tairi. Shati buku mbili, ukibembeleza vizuri buku jero. Mwanachuo anayesubiri bumu anavaa hapa kuanzia kichwani mpaka miguuni na nauli inabaki.

Mnada wenyewe siutaji, maana kijana wa ushuru ni mwenzetu tu, naye anatafuta ugali.

Shangazi alikuwa na gunia moja, alilonunua halmashauri nyingine. Njiani, kwenye geti la mazao, akatozwa. Kufika mnadani akatozwa tena, safari hii ushuru wa eneo. Huo wa eneo sina ugomvi nao sana, japo choo hakina maji na mvua ikinyesha kila mtu anajifunika na bidhaa zake. Ugomvi wangu ni ule wa getini.

Nitawaudhi kidogo: juni 2017 Serikali ilifanya jambo la maana. Kwenye hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Dkt. Philip Mpango alitangaza kushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Akatangaza pia kufuta ushuru wa mazao yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine yasipozidi tani moja. Tani moja! Gunia la shangazi hata kilo 100 halifiki.

Nilipomwambia, aliniangalia kama namdanganya. "Mwanangu, hiyo sheria inakaa wapi?" Miaka yote hiyo analipa. Risiti anazo, kazifunga kwenye pindo la kanga, hajawahi kuzisoma.

Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria ya Bunge au utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Tunaikariri darasani, tunaiandika kwenye mtihani, tunapata A. Mama mwenye gunia hajawahi kuisikia, na sisi wa chama cha upinzani tumemwachia nani amwambie? Tunaposti mabango ya "haki" usiku kucha, mnadani kuna watu kibao na hatupo.

Kwa hiyo naomba vijana wa Hanang na Mbulu tugawane tarehe za minada. Twende na karatasi moja ya Kiswahili chepesi: nini kinatozwa, nini hakitozwi, dai risiti, isome. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, diwani akiwepo tumwombe sheria ndogo za ushuru tuzisome mbele ya watu. Bila matusi. Na wale wa mageti tuwaelimishe pia, wengi wanatumwa tu.

Karatasi ya kwanza nimeshamwandikia shangazi. Kairudisha, anataka herufi kubwa zaidi.