Borehole Haina Makosa, Mwenye Nyumba

Wasee, wiki jana nimetoka kuoga nikajipanguza, taulo likageuka rangi ya chai. Na lilikuwa taulo jeupe. Nikampigia keateka, akanipa lile jibu ambalo karibu kila mpangaji Nairobi ashawahi kupewa: "Hiyo ni maji ya borehole, kijana. Fungulia tu yatoke kidogo."

Zii. Hiyo nimekataa.

Kabla umeze hiyo stori, chukua glasi mbili. Moja jaza maji baridi, ingine maji moto. Kwetu baridi yako safi kabisa, moto ndiyo yana kutu. Na yote yanatoka borehole moja. Sasa borehole inajuaje ni maji gani yanaenda kwa sola? Yakisafika baada ya sekunde chache, shida labda ni kipande cha paipu karibu na mfereji wako. Yetu yalikimbia dakika kadhaa na rangi ikabaki ile ile. Hapo angalia tanki.

Tanki nyingi za sola ni za chuma, na ndani zimepakwa enameli, kama zile sahani za shosho. Mnajua venye sahani ya shosho ikibanduka kidogo inaanza kushika kutu pale pale? Tanki ni vile vile. Ndio maana kiwanda huweka ndani fimbo ya magnesiamu. Magnesiamu huliwa kwa urahisi kuliko chuma, kwa hivyo inajitoa mhanga, chuma kinapona. Si ujanja wa jana. Humphry Davy aliujaribu mwaka wa 1824 kwenye meli za kivita za Uingereza, akilinda shaba ya chini ya meli kwa zinki na chuma. Miaka 200 imepita na bado tunaambiwa ati ni maji.

Shida ni moja: fimbo huisha. Kazi yake ni kuisha. Inafaa kukaguliwa kama kila mwaka na kubadilishwa ikiwa imeliwa sana, juu ikiisha, kinachofuata kuliwa ni tanki. Yetu iko huko juu miaka 11. Nilimbembeleza fundi aifungue (usijaribu mwenyewe, hayo maji yanachoma na jua halina swichi). Alichotoa ni waya mwembamba uliokuwa katikati ya fimbo. Magnesiamu yote ilishaenda. Keateka aliangalia huo waya akauliza, "Kwani hii ni nini?" Simlaumu. Hakuna mtu aliwahi kumwambia.

Mwenye nyumba ndiye namlaumu.

Haya, stori ya borehole ina ukweli kidogo. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo ndani ya maji, kwa hivyo fimbo huliwa haraka. Lakini kama unajua maji yako ni ya chumvi, si ndio ulifaa kukagua mara nyingi zaidi?

Halafu kuna paipu. Kwetu mtu alifunga shaba moja kwa moja kwenye GI, bila chochote katikati. Hizo mbili zikikutana ndani ya maji, GI ndiyo huumia. Isitoshe, maji yakipita kama nyuzi 60, ile zinki ya GI inaweza kuacha kabisa kulinda chuma. Fundi wa bei rahisi, kazi ya kurudiwa.

Na nani analipa? Mimi nikioga na insta shawa, tokeni ni zangu. Jirani wa juu alihama mwezi uliopita, diposti ikakatwa ati sinki ina madoa ya kahawia. Madoa ya kutu ya tanki ya mwenye nyumba! Fimbo moja ni pesa kidogo sana ukilinganisha na tanki mpya, lakini kwa nini anunue fimbo kama sisi ndio tunalipia kutu?

Ukienda kuangalia keja na uambiwe "kuna hot shower, iko na sola", uliza fimbo ilibadilishwa lini. Wakikuangalia kama umechizi, jibu umepata.

Mimi nilimtumia mwenye nyumba picha ya ule waya. Jana ametuma fundi. Amekuja na mkebe wa rangi ya silva, apake tanki nje.