Usipangwe: Panga Gemu Zako Mwenyewe

Mtaani kupanga kuna maana mbili. Unaweza kupanga vyombo kwa kabati, na unaweza kumpanga mtu: unampigia stori tamu mpaka anakupa pesa yake na anaondoka akikushukuru. Nikiangalia jinsi rika langu tunavyocheza gemu siku hizi, naona watu waliokataa kufanya ile kazi ya kwanza, na sasa wanafanyiwa ya pili kila siku.

Nimekulia Raila. Naongelea kijiji cha Kibera, si mtu, na utani wa siasa tuuache mlangoni. Base yetu ya gemu ilikuwa chumba cha mabati: tivi mbili za kitambo zenye mgongo mrefu, PlayStation 2 mbili, benchi, na leso iliyotundikwa mlangoni jua lisipige skrini. Mechi ilikuwa shilingi 10. Ukifungwa unampisha mwingine.

Kulikuwa na gemu kadhaa lakini kwa ukweli ilikuwa moja tu: Pro Evolution Soccer. Konami, kampuni ya Japani iliyoitengeneza, haikuwa na leseni ya kutumia majina ya timu zote za Uingereza. Kwa hivyo Chelsea iliitwa London FC, na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Fikiria mtoto wa Raila aliyevaa jezi ya Gerrard ya Gikomba, anaambiwa timu yake ni Merseyside Red. Hiyo haikudumu. Kijana mmoja mwenye subira kutushinda sote alichukua padi, akaingia sehemu ya kuhariri, akaandika majina upya herufi moja baada ya nyingine. Akarekebisha na rangi za jezi. Alipomaliza za Uingereza akachukua timu mbili ambazo hakuna mtu alikuwa anazigusa, akazigeuza Gor Mahia na AFC Leopards. Wiki hiyo foleni ilifika nje. Gor na Ingwe, kwa skrini, Raila.

Hiyo kazi yote iliishi kwa memori kadi moja ya MB 8. Siku moja mwenye base aliishiwa, akauza mashine na kadi ikiwa ndani. Hakuna mtu alikuwa ametoa nakala. Kesho yake tulikuja tukapata mashine nyingine, na Merseyside Red imerudi.

Sijawahi kusahau ile asubuhi. Gemu ilikuwa ile ile, na mpira ulidunda vile vile. Lakini tuliangalia ile orodha ya majina kama watu wamerudi nyumbani wakapata kufuli imebadilishwa. Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho nitakitetea mpaka mwisho wa makala hii: orodha ni sehemu ya gemu, na anayeandika orodha ndiye mwenye nyumba.

Sasa tuje leo. Umejikaza, umenunua laptopu ya ex-UK pale Luthuli. Ndani yake una Steam. Una Epic kwa sababu wanatoa gemu za bure kila wiki. Una Ubisoft Connect kwa sababu gemu moja ilikulazimisha, na EA kwa sababu ya FIFA. Una PPSSPP ya gemu za PSP. Halafu kuna ile folda uliyowekewa na jamaa wa flashi, inaitwa "New Folder (3)", na ndani yake kuna "New Folder".

Kila moja ya hizo programu ni launcha, yaani mlango wa kufungulia gemu. Na kila mlango umewekwa na mtu mwenye duka. Unafungua ucheze dakika 20 kabla tokeni ziishe, kitu cha kwanza kuona ni kile ambacho hujanunua. Halafu inataka kujisasisha, na bando yako ya wikendi inaisha Ijumaa usiku kabla hujagusa padi. Gemu zako mwenyewe ziko nyuma, zimepangwa kwa faida ya mwenye duka. Huko ndiko kupangwa. Na sisi tunaona sawa, eti gemu ni za bure. Namjua mse mwenye gemu zaidi ya 200 kwa akaunti ya Epic. Amecheza nne. Zingine hata hajui ziko.

Dawa ipo na hailipishwi. Kwa Windows kuna Playnite, programu huria iliyoanzishwa na Josef Nemec. Inakusanya gemu zote mahali pamoja: za Steam, za Epic, za GOG, za emuleta, na hata za ile folda yako ya aibu. Wanaotumia Linux wana Lutris. Playnite yenyewe haiuzi kitu, na orodha yako inakaa kwa diski yako. Unaweza hata kuiweka kwa diski ya nje ukatembea nayo. Unabadilisha jina la gemu, picha ya mbele, rangi, mpangilio. Unaficha usichotaka kuona. Na unatengeneza vikundi vyako mwenyewe, na hapo ndipo utamu ulipo.

Maduka yana vikundi vyao: mapigano, mbio, mafumbo, michezo. Mimi maisha yangu hayajagawanywa hivyo. Vikundi vyangu ni hivi. "Haili bando": gemu inayofunguka bila intaneti kabisa. "Stima ikipotea": nyepesi kiasi kwamba betri ya laptopu itaibeba saa moja na nusu, kwa sababu huku kwetu ukiwa na stima ya sambaza unajua kuzimika ni ratiba. "Wawili, padi moja": mmoja kwa kibodi, mwingine kwa padi. "Watoto wa plot": hakuna damu, na wakipoteza hawalii. "Za kwetu": humo kuna Nairobi X, ile ya 2015 ambayo majini ya anga yanavamia Nairobi yetu. Na cha mwisho, "Nimeshindwa na nimekubali".

Niambie ni duka gani duniani litakupa rafu inayoitwa "Stima ikipotea". Hakuna, kwa sababu aliyeandika rafu za duka hajawahi kukosa stima. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kupanga gemu ni mapambo. Ukiandika vikundi vyako unasema unaishi wapi, na nani, kwa hali gani. Unailazimisha mashine ijue Raila.

Najua mtakachonijibu. Nimeshakijibu mara nyingi kwa kibaraza.

Wa kwanza anasema: buda, huo ni wakati unapoteza, cheza tu. Huyu huyu asubuhi ataacha matatu tatu zipite akingoja nganya. Kwani gari si gari? Isuzu ilitoka kiwandani ikiwa na injini na viti, ingemfikisha tao. Lakini sisi tumeikataa vile ilivyokuja. Tumeichora, tumeibandika jina, tumeiwekea taa na spika. Hakuna mtu Nairobi anaita hiyo kupoteza wakati, tunaita utamaduni na wageni wanakuja kupiga picha. Basi laptopu yako imekukosea nini?

Wa pili anasema: gemu zenyewe ni za wizi, unapanga mali isiyo yako. Huyu namheshimu, kwa sababu ametaja kitu tunachokwepa. Lakini tuseme ukweli wote. Kwa orodha ya nchi za PlayStation Network, Kenya haipo. Mkenya anayetaka kununua kihalali anaandika kwamba anaishi Afrika Kusini au Uingereza. Yaani anaanza uaminifu kwa kudanganya anwani. Mei 2024, Sony walipotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta aunganishe akaunti ya PSN, gemu iliondolewa sokoni kwa nchi zaidi ya 170 ambazo hazina huduma hiyo. Watu walipiga kelele hadi sharti likafutwa, lakini tulikuwa tumeshaonyeshwa tunakaa wapi kwa hiyo foleni. Bei za Steam huku zinakuja kwa dola. Kabla M-Pesa GlobalPay haijaleta kadi ya Visa kwa simu mwaka 2022, wengi wetu hatukuwa hata na njia rahisi ya kulipa.

Simtetei jamaa wa flashi. Yeye pia anakupanga: anakuuzia gemu 500 kwa mia mbili, nusu hazifunguki, na zingine zimekuja na virusi. Ninachosema ni kwamba ukishazipanga, ukajua ni zipi unazipenda kwa dhati, ndipo utajua ni zipi zinastahili pesa yako. Mtu mwenye New Folder hawezi kulipa mtu yeyote kwa sababu hajui anachopenda. Anza na wanaotengeneza gemu hapa Nairobi. Wao wanakosa hata hizo dola.

Wa tatu ndiye mkali zaidi. Anasema: unajidanganya. Playnite ni karatasi ya kubandika ukutani. Ukuta ni wa Steam, wakitaka wanaubomoa. Na ni kweli. Ubisoft walizima seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024, na baadaye wakaondoa leseni kwa akaunti za waliolipa. Nintendo walifunga duka la 3DS na Wii U Machi 2023. California imelazimika kutunga sheria, iliyoanza Januari 2025, kwamba duka la kidijitali lisitumie neno "nunua" bila kukwambia wazi kuwa unachopata ni leseni. Na utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani haziuzwi tena popote. Soko halitunzi kumbukumbu. Haijawahi kuwa kazi yake.

Lakini hebu tuulize: ukuta usipokuwa wako, unaacha nyumba bila kupanga? Kibera karibu sisi wote ni wapangaji, na wengi tumeona nyumba ikienda. Julai 2018 matingatinga yalipita hapa kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na nyumba na shule zikalala chini. Waliookoa kitu ni wale waliojua wana nini na kiko wapi. Aliyejua cheti cha mtoto kiko chini ya godoro alikishika akatoka nacho. Aliyekuwa na rundo alitoka na mikono.

Ndiyo maana kupanga kunaenda pamoja na kunakili. Gemu ikipatikana GOG, inunue huko, kwa sababu wanakupa faili ya kusakinisha isiyohitaji kuomba ruhusa kwa seva. Faili za pale ulipofikia zinakili kila mwezi. Playnite ina sehemu ya kutoa nakala ya maktaba yako yote. Itumie, na nakala hiyo isikae nyumba moja na laptopu. Moto ukija hauchagui. Kisha kila gemu ina nafasi ya kuandika maelezo. Mimi huandika nilicheza na nani. "Na bro, likizo ya Desemba, stima ilipotea mara tatu." Hakuna kampuni inayoweza kuniondolea leseni ya hiyo.

Na nyinyi wenye base, wa Raila, wa Gatwekera, wa Kawangware stage ya 46, hii inawahusu zaidi. Wengi mmehamia kwa kompyuta. Playnite ina mwonekano wa skrini nzima unaoendeshwa kwa padi, mtoto hahitaji kugusa kipanya. Wekeni orodha kwa lugha ya wateja wenu. Mteja akiona "Wawili" na "Za haraka, dakika 10", hatasimama akikuuliza maswali wakati foleni iko nje. Na tafadhali, kabla ya kuuza mashine, waulize watoto kuna nini ndani.

Wewe mwingine, usiku wa leo usipange gemu zote 200. Chagua kumi. Zipe majina unayoyaita. Andika vikundi vitatu ambavyo jirani yako angeelewa bila kuuliza. Zingine zifiche, na uone kama utazikumbuka.

Mimi nimeanza upya ile kazi ya yule kijana. Nina Pro Evolution kwa emuleta, inakwamakwama kidogo lakini inaenda. Gor imerudi na Ingwe imerudi, nimeandika herufi kwa herufi, na sasa najua subira yake ilikuwa kubwa kiasi gani. Nakala moja iko kwa laptopu yangu. Nyingine iko kwa binamu yangu Kawangware, kwa bahasha, chini ya sanduku la mama yake. Jumapili iliyopita alinipigia simu kuniuliza kama anaweza kuongeza Shabana. Nimemwambia aongeze, halafu anitumie nakala.