Aliyeitwa mwizi alikuwa mzazi

Je, msomaji, umewahi kulichunguza yai kabla ya kulivunja kikaangoni? Basi leo ngoja kidogo, kwani yai ndilo lililomsafishia jina mnyama mmoja aliyesingiziwa wizi kwa takriban miaka 70.

Kisa chenyewe kilianzia katika jangwa la Gobi, nchini Mongolia, mwaka wa 1923. Wataalamu kutoka New York, wakiongozwa na Roy Chapman Andrews, walifukua mayai yaliyogeuka mawe. Juu yake palikuwa na mifupa ya dinosaria mdogo asiye na meno. Kwa kuwa mifupa ya dinosaria mwingine, Protoceratops, ilikuwa tele mahali hapo, walidhani mayai ni yake, na kwamba huyu mgeni alikuja kuyaiba. Mwaka wa 1924 Henry Fairfield Osborn akamwita Oviraptor, yaani mwizi wa mayai, ingawa yeye mwenyewe alitahadharisha kuwa jina hilo huenda likapotosha.

Ukweli ulifichuka mwaka wa 1993. Katika jangwa lilo hilo lilipatikana yai la aina ile ile, likiwa na kijusi ndani. Kijusi hicho hakikuwa cha Protoceratops, bali cha jamaa ya Oviraptor! Mwaka uo huo ikapatikana mifupa ya dinosaria wa ukoo huo aliyekufa akiwa ameyalalia mayai, mikono ameitandaza kama kuku atandazavyo mabawa.

Ganda nalo lina ushahidi wake. Wataalamu hukata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini. Ganda la jamaa hao wa Oviraptor lina tabaka mbili za fuwele za chokaa: ya ndani ni kama safu ya pia ndogo ndogo, na ya nje imeshikana. La kuku lina hizo mbili, na juu yake ya tatu iliyo nyembamba mno. Mpangilio wa namna hii huupati katika ganda la mamba. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuambiwa kuwa kuku ni wa ukoo wa dinosaria.

Tofauti pia zipo. Kuku ana mrija mmoja tu wa kutagia unaofanya kazi, hivyo hutaga yai moja moja. Wale walitaga mawili mawili. Mwaka wa 2005 wataalamu walieleza mifupa kutoka Uchina yenye mayai mawili ambayo hayakuwahi kutagwa.

Hata hivyo, jina Oviraptor limebaki. Kanuni za sayansi haziruhusu jina kufutwa eti kwa kuwa halimfai mwenyewe.

Basi mzazi mwenzangu, siku utakapokuta glasi imevunjika na mtoto kasimama kando ya vipande, uliza kwanza. Huenda alikuja kuviokota. Jina baya hubandikwa kwa dakika moja, lakini kulibandua ni kazi.