Tuitazame Picha Mpaka Mwisho

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wetu wa Kiswahili. Katika toleo lililopita mwanafunzi mmoja aliandika kwamba chama cha senema cha shule kisiruhusiwe kabisa kuonyesha picha za majambazi, kwa sababu picha hizo huwafundisha vijana wizi na ubabe. Aliandika kwa adabu na kwa hoja nzuri, nami sitaki kumkejeli. Lakini mimi ni mwanafunzi wa zamani, na jambo hilo nililionja mwenyewe. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwaka 2006, nikiwa kidato cha tatu, tulitoroka watu wanne siku ya Jumamosi tukaenda Nyamirambo. Huko kulikuwa na kijumba chenye televisheni moja, mabenchi, na pazia jeusi mlangoni. Picha zilizoonyeshwa zilikuwa za agasobanuye, yaani zile ambazo mfasiri huzisemea kwa Kinyarwanda juu ya sauti za wachezaji. Siku hiyo ilikuwa zamu ya “Scarface”, picha ya mwaka 1983 iliyoongozwa na Brian De Palma, naye Al Pacino ndiye Tony Montana, mkimbizi kutoka Kuba anayefika Marekani mikono mitupu na kupanda kwa kuuza madawa ya kulevya.

Wasomaji waliowahi kusikia agasobanuye wanajua kwamba mfasiri hafasiri tu. Huongeza mzaha, huwapa wachezaji majina ya mitaani, huonya, husifu. Yule wa siku ile alimpenda Tony mno. Kila Tony alipomjibu mkubwa wake kwa jeuri, mfasiri alimpigia vigelegele, na sisi mabenchini tukashangilia. Tulimwona Tony akipata gari, akipata nguo, akipata nyumba kama kasri, na ndani yake sanamu ya dunia yenye maneno yasemayo kwamba dunia ni yako.

Basi hapo mwenye kijumba akazima picha. Mpira wa Ulaya ulikuwa karibu kuanza, na watu wa mpira walikuwa wamejaa mlangoni na fedha zao mkononi. Picha ile ina urefu wa karibu saa tatu, na mwenye biashara hakuwa na saa tatu za kutupa. Tukatoka nje tukiwa na nusu ya hadithi.

Na nusu hiyo ndiyo tuliyoirudisha bwenini. Tulijifanya genge. Mmoja wetu akawa Tony, mimi nikawa rafiki yake Manny. Tukawatoza wanafunzi wapya kodi ya sukari, sabuni na vikaratasi vya mkate. Desturi mbaya ya kunnyuzura ilikuwapo tangu zamani, lakini sisi tuliipa jina na mtindo. Namkumbuka mtoto mmoja aliyenipa sukari yake yote ya muhula, na hakulia. Alinitazama tu. Mpaka leo sukari ile haijanitoka kooni.

Tulipogunduliwa tuliadhibiwa, na ilikuwa haki. Kisha likatoka tangazo kwamba picha zote za majambazi ni marufuku shuleni. Wakubwa wetu walisema picha ndiyo iliyotuharibu. Wakati ule nilikubali haraka, kwa maana ilinipendeza kusikia kwamba kosa si langu bali ni la Al Pacino.

Miaka mingi baadaye niliiona nusu ya pili. Tony anamshuku kila mtu. Anamwua Manny, rafiki yake wa chanda na pete, kisha ndipo anapoambiwa kwamba Manny na dada yake walikuwa wamekwisha kuoana. Dada naye anauawa mbele ya macho yake. Mwisho Tony anapigwa risasi mgongoni, anaanguka katika maji, na juu ya maiti yake inang’aa ile sanamu yenye maneno yale yale. Nilikaa kimya. Mimi niliyejiita Manny kwa majivuno sikujua kwamba Manny anauawa na huyo huyo mkubwa wake!

Hapo nikaanza kusoma habari za picha hii, na nikaona kwamba mambo yetu ya Nyamirambo yalikwisha kutokea Marekani zamani sana. “Scarface” ya 1983 ni mtoto wa picha nyingine yenye jina hilo hilo ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Howard Hawks na kugharamiwa na tajiri Howard Hughes. Mchezaji Paul Muni aliitwa Tony Camonte, na kila mtu alijua kwamba nyuma yake yuko Al Capone wa Chicago, ambaye jina lake la utani lilikuwa hilo hilo la “Scarface”, yaani mwenye kovu usoni. Wakaguzi wa senema waliogopa kwamba vijana watampenda jambazi. Walitaka jina liongezwe maneno ya kuonyesha kwamba hiyo ni aibu ya taifa. Walitaka maneno ya kulaumu majambazi yatangulie mwanzoni. Walitaka mwisho ubadilishwe, Tony ahukumiwe na kunyongwa. Muni hakuwapo kwa kazi hiyo, basi wakampiga picha mtu mwingine bila kuonyesha uso wake. Hata hivyo wakaguzi wa New York hawakuridhika. Hughes akachoka, akaitoa picha yenye mwisho wake wa kwanza, ambamo Tony anapigwa risasi na polisi chini ya tangazo la taa lisemalo kwamba dunia ni yako. Sehemu nyingine iliendelea kupigwa marufuku.

Je, marufuku ilifaa? Mwaka 1994 picha hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa la Marekani ya picha za kuhifadhiwa. Marufuku ilikufa, picha ikaishi.

Ile ya 1983 nayo ilipokewa kwa mabishano. Watu wa Kuba waishio Miami walilalamika kwamba inawapaka matope, na sehemu kubwa ikapigwa Los Angeles badala ya huko. Wakaguzi waliipa daraja la picha zisizofaa hata kidogo kwa vijana, mpaka De Palma alipokata rufani akashinda. Wahakiki wengi walisema ni damu na matusi kupita kiasi, na De Palma akatajwa katika zile zawadi za dhihaka kuwa miongoni mwa waongozaji wabaya wa mwaka. Wengine, kama Roger Ebert wa Chicago, waliisifu tangu siku ya kwanza. Baadaye wanamuziki wa rapu wakaifanya kama msahafu wao, na sura ya Tony ikatembea dunia nzima kwenye fulana na mabango. Mwaka 2008 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliziweka zote mbili, ya 1932 na ya 1983, katika picha kumi bora za majambazi.

Sasa nawauliza wasomaji: kati ya wahakiki waliokasirika na watazamaji walioshangilia, nani alikosea? Nadhani wote walikuwa na upande wa haki, na wengi wa pande zote mbili walitazama nusu. Mhakiki aliyehesabu risasi tu hakuiona adhabu. Kijana avaaye fulana yenye sura ya Tony hakumbuki maji yenye damu. Hata baadhi ya waliokaa saa zote tatu walitoka na nusu, kwa sababu mtu huchukua anachokitaka. Hii ndiyo hatari ya kweli ya picha hizi, nami siikatai: utajiri wa jambazi huonyeshwa kwa saa mbili, na malipo yake kwa dakika chache. Mwandishi wa toleo lililopita aliliona hilo sawasawa.

Lakini dawa yake si mkasi. Mkaguzi wa New York alikata picha kwa kuogopa, na mwenye kijumba wa Nyamirambo aliikata kwa kutaka fedha za mpira. Nia zao zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi, na matokeo yakawa yale yale: mtazamaji hakupewa hadithi nzima. Na tangazo la marufuku la shule yetu lilifanya nini? Lilitufanya tusiione nusu ya pili kwa miaka mingi. Nusu iliyotuharibu tulikwisha kuila. Nusu ambayo ingetuponya tukanyimwa.

Tena siku hizi marufuku ni kama kuzuia moshi kwa ungo. Picha zimo katika simu.

Ninachopendekeza ni kwamba chama cha senema kiwe na mfasiri mwema. Yule mfasiri wa Nyamirambo alikuwa na nguvu kuliko De Palma, kwa kuwa sisi tulimsikiliza yeye. Laiti angesema neno moja tu, “Vijana, ngojeni, huyu atamwua rafiki yake,” huenda sukari ya yule mtoto ingebaki sandukuni mwake. Basi mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja wa kidato cha juu wakae mbele. Picha ionyeshwe kwa vidato vya juu tu, yote, bila kukatwa. Kisha taa ziwashwe na watu waulizane: nani alilipa gharama ya utajiri huu?

Wala si lazima tuanze na Marekani. Iko “Nairobi Half Life” ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, ambamo kijana Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mchezaji wa tamthilia, akaangukia katika genge la wezi wa vipuri vya magari. Inasema Kiswahili na Sheng, na nyumba zake na vibanda vyake tunavijua. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Kukitumia kubishana juu ya picha nzuri ni zoezi bora kuliko kukariri ngeli.

Na yule mtoto wa sukari? Nilikutana naye mjini, naye sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Nilimwomba radhi. Akacheka, akaniuliza kama hatimaye nimeiona picha mpaka mwisho. Nikamjibu ndiyo. Akasema, “Basi, kaka, wasimulie na wadogo zetu wa shule.”

Ndiyo maana nimeandika.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani, Kigali