Aliyetukana kasimamishwa, aliyeapa kashika maiki

Nimepotea kidogo, najua. Testi mbili mfululizo, na bando likaisha. Ila leo silali bila kuandika hili. Kuna watu wa ushirika wetu watanuna. Wanune tu.

Kisa chenyewe: Jumanne usiku mpiga kinanda wetu, dogo wa mwaka wa kwanza, alikuwa anachemsha maji chumbani kwa hita (ndiyo, najua hairuhusiwi, tuendelee). Akaikwaa ndoo, maji yakammwagikia mguuni. Akatoa tusi. Tusi la nguoni kabisa, lile la mama, korido nzima ikasikia. Alhamisi viongozi wakamwita, wakamsimamisha huduma mwezi mzima eti mpaka kinywa kitakaswe. Mguu una malengelenge mpaka leo na sijasikia kiongozi hata mmoja aliyeuliza kama amepata dawa.

Leo Jumapili, aliyeshika maiki kuongoza sifa ni kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Huyu bwana muhula huu huu alimkopa dada wa kozi yetu laki moja na nusu, hela ya bumu. Nilikuwepo, tulikuwa kantini tunakula chipsi. "Haki ya Mungu vile, Ijumaa unayo mkononi." Ijumaa zimepita mpaka nimeacha kuhesabu. Hela ile ilikuwa ya kumalizia ada. Dada wa watu alikaa nje ya orodha ya wanaoruhusiwa mitihani mpaka mama yake alipokopa kwenye kikoba kijijini. Nani kamsimamisha yule kaka? Hakuna. Hajatukana!

Asije mtu akaniambia nimehalalisha matusi. Tusi la mama linamdhalilisha mwanamke ambaye wala hayupo pale, hajakukosea chochote. Waefeso 4:29 naijua, na Yakobo sura ya 3 nimehubiriwa tangu Sunday school. Ninachokataa ni hii tabia ya kuchunga msamiati badala ya maneno yenyewe. Juzi kwenye kipindi cha Biblia msomaji alifika Wafilipi 3:8, pale Paulo anapoyalinganisha mambo aliyojivunia zamani na kitu fulani. Union Version imeandika wazi: mavi. Yule ndugu akameza mate, akasoma "takataka". Yaani tumekuwa wasafi kuliko mtume!

Sasa fungueni Mathayo 5. Kuna sehemu ya kumfyolea ndugu, mstari wa 22, yaani kumdharau mtu mpaka kumfanya si kitu, na hilo unaweza kulifanya kwa Kiswahili sanifu bila tusi hata moja. Kisha mstari wa 33 mpaka 37, mistari mitano mizima, ni kuhusu kuapa. Yesu anakataza kabisa: si kwa mbingu, si kwa dunia, si kwa Yerusalemu, hata kwa kichwa chako. Sababu iko wazi ukikaa kantini yetu nusu saa. Mtu anayeapa ana lugha mbili, moja ya kuaminika na nyingine ya hivi hivi. Akikwambia "Ijumaa" peke yake, ujue anacheza.

Na tuna madaraja ya viapo kama wale waliokemewa katika Mathayo 23, waliosema ukiapa kwa hekalu si kitu, ila ukiapa kwa dhahabu ya hekalu umefungwa. Sisi tuna "haki ya nani", ambayo ni haki ya Mungu iliyovaa miwani ya jua. Tuna "nife". Tuna wallahi, tumeiazima kwa Waislamu. Wenzetu Mwislamu akivunja kiapo alichokusudia ana kafara: kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Sisi tumeazima wallahi, kafara tumeiacha kwao.

Mwangalieni Petro pia, Mathayo 26. Mara ya kwanza anamkana Yesu kwa maneno ya kawaida tu. Mara ya pili anaongeza kiapo. Ya tatu analaani na kuapa juu. Kadiri uongo unavyokua ndivyo kiapo kinavyonenepa.

Najua atakayenijibu: mbona Paulo mwenyewe kwenye Wagalatia 1:20 anamwita Mungu shahidi? Kweli. Ndiyo maana makanisa mengi yanaruhusu kiapo cha mahakamani, na Waanglikana wameliandika hilo katika ile kanuni yao ya 39. Wengine wamekataa hata hicho. George Fox wa Marafiki, wale Wakwekeri, alifungwa Uingereza mwaka 1664 kwa kukataa kuapa, na kanisa lake lilifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Mtu anakwenda gerezani ili ndiyo yake ibaki ndiyo! Sisi tunamtaja Mungu kwa ajili ya laki moja na nusu na sahani ya chipsi. Hiyo hata Paulo hawezi kututetea.

Haya, na mimi je? Mimi ndiye ninayesema "nipo Ubungo nakuja" nikiwa nimejifunika shuka. Na kuna kubwa kuliko hilo. Siku ile kantini yule dada aliniangalia kwanza kabla ya kutoa hela. Nikamwambia, "Mpe tu, huyu mtu wa Mungu." Sikuapa, sikutukana. Sentensi safi kabisa, ungeweza kuisoma madhabahuni. Ndiyo iliyomtoa hela.

Jana nilimfuata hosteli na elfu arobaini, ndizo nilizokuwa nazo. Nikamwambia tarehe 25 namletea arobaini nyingine, na kwamba yule kaka nitamdai mimi. Akacheka.

"Leo huapi?"

"Siapi."

Akanitazama, akafungua begi, akatoa daftari. Akaandika tarehe, akaandika elfu arobaini, akanigeuzia nisaini.